Fungu la Kila Mtu na Kuku wa Pingamawe

Iko nchi iitwayo Jamhuri ya Shibeni. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na wengine wanasubiri hadi leo. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina madini, ina wimbo wa taifa wenye beti saba, na ina viongozi ambao ukiwatazama matumbo tu huwezi kuamini kwamba kuna mtu analala njaa.

Kitu kimoja kilikuwa kinawasumbua viongozi hao: maskini. Si umaskini. Umaskini walikuwa wameuzoea, maana haukuwa wao. Waliowasumbua ni maskini wenyewe, ambao walikuwa na tabia ya kusimama kando ya barabara misafara inapopita, wakiharibu mandhari. Walikuwa pia na tabia ya kuugua, na mbaya zaidi, wakipewa dawa hawaponi. Wizara ya Unafuu ikaunda tume ichunguze kwa nini dawa zinazoponya watu nchi nyingine zikifika Shibeni zinagoma. Tume ilikaa miezi minane katika hoteli ya ufukweni, ikala vizuri ili ipate kufikiri, na mwishowe ikaleta jibu lililomshangaza kila mtu. Wagonjwa walikuwa na njaa.

"Njaa?" aliuliza Waziri wa Unafuu, Mheshimiwa Profesa Kilumanga, akiweka chini kijiko. "Njaa ya nini?"

"Ya chakula, Mheshimiwa."

"Hawana chakula, au hawajui kula?"

Ndani ya tume alikuwemo dada mmoja mgeni kazini, ambaye hakuwa amefundishwa bado. Akasema, "Mheshimiwa, wapewe fedha tu. Kila mtu, kila mwezi, kiasi kidogo cha kumtosha kula, bila masharti. Chakula watanunua wenyewe. Mtu akishiba dawa inakaa mwilini, watoto hawaugui ovyo, na zahanati zinapumua."

Dada huyo alishukuriwa sana, kisha akahamishiwa kituo cha kupima mvua jangwani. Lakini wazo lake lilibaki mjini, kwa kuwa lilipewa jina linalopendeza likichapwa kwenye fulana: Fungu la Kila Mtu.

Bungeni palizuka mjadala mkali. "Ukimpa mtu fedha bila kazi, unamfundisha uvivu!" alifoka mbunge mmoja, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amesaini posho ya kuja kikaoni, posho ya kukaa kikaoni na posho ya usumbufu wa kutoka kikaoni. Mwingine akasema maskini watalewa. Alitaka kuendelea, lakini wenzake wawili walimshika makwapa wakamkalisha kabla hajaanguka.

Hatimaye hoja ikapita. Na kwa kuwa fedha zilikuwa za kutolewa bila masharti, Wizara iliandika kitabu kinene cha masharti ya kuhakikisha kwamba hakuna masharti. Sharti la kwanza lilisema kwamba Fungu ni la kila mtu, na kwa hiyo ni lazima kwanza ihakikiwe ni nani aliye kila mtu. Anayeweza kuishi bila Fungu asihesabiwe. Wahakiki wa umaskini wakaajiriwa, wakanunuliwa magari, wakapewa posho ya kutazama watu wasio na kitu, kazi iliyoonekana kuwa na athari kwa afya ya akili.

Kitongoji cha kwanza kuhakikiwa kikawa Pingamawe.

*

Pingamawe iko mahali lami inapoishia na ahadi zinapoanza. Ina nyumba kumi na mbili. Katika nyumba ya mwisho, ile inayotazama mashamba ya muhogo, alikaa Bi Havijawa na mumewe Kibwana, fundi wa baiskeli. Kibwana alikuwa amenyoosha magurudumu ya wilaya nzima. Kitu pekee kilichomshinda kunyoosha ni kifua chake mwenyewe.

Kilikuwa kifua kikuu. Nesi Namkunda wa zahanati alimpa vidonge, na kwa kweli vilikuwa vya bure.

"Lakini sikiliza, mama," nesi alimwambia Bi Havijawa. "Usimpe tumbo likiwa tupu. Dawa zitarudi zote, na zikirudi ni kama hajanywa. Ale kwanza. Yai asubuhi, na kitu kizito juu yake."

"Yai lipo," alisema Bi Havijawa.

Yai lilikuwepo kwa sababu ya kuku mmoja mweusi mwenye kishungi. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umepita Pingamawe mwanzo wa mwaka, ukafagia kuku wa nyumba zote. Huyu mweusi naye aliugua, akainamisha kichwa siku mbili, kisha ni kama alibadili mawazo. Tangu hapo alitaga kama mtu anayelipa fadhila. Bi Havijawa alichemsha yai, Kibwana akalila na muhogo, akameza vidonge, na vidonge vikakaa. Mwezi wa pili akaanza kutoka nje na kukaa kibarazani. Aliwapigia kelele wapita njia: "We! Mnyororo huo unalia kama mtoto, utie mafuta!" Bi Havijawa akisikia makelele hayo huko jikoni, alikuwa anacheka peke yake.

Vidonge vilibaki vya miezi minne. Muhogo haungefika miezi minne. Kwa hiyo redio ilipotangaza Fungu la Kila Mtu, Bi Havijawa hakusikia habari za mpango, wala mageuzi, wala dira ya taifa. Alisikia kwamba Kibwana atakula mpaka vidonge viishe.

Wifi yake, Bi Rehani, ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Nyumbani kwake ndiko vilikohifadhiwa vyombo vya chama: viti sita vya plastiki, chupa ya chai yenye maua, sahani za udongo na kitambaa cha meza kilichotariziwa "Karibu Mgeni". Nyumba ikipata msiba, vyombo vinakwenda huko. Ikipata mgeni wa heshima, vinakwenda pia. Kiti kimoja kati ya vile sita kilikuwa na mikono, na hicho ndicho cha mkubwa. Kiliwahi kupasuka kalio, Kibwana akakishona kwa waya wa spoki, kazi safi, ila ncha moja ya waya ilikuwa haikubali kulala.

"Wifi, umesikia?" Bi Rehani aliingia bila hodi. "Mhakiki anakuja Jumanne."

"Nimesikia. Aje atuone tulivyo, aende zake."

"Atuone tulivyo! Hivi kaka yangu alikuokota wapi? Mgeni wa serikali akalie kinu?"

"Si anatafuta maskini?"

"Maskini, ndiyo. Hatafuti washenzi." Bi Rehani akakaa, akashusha sauti. "Viti vitatangulia kila nyumba, tutavipitisha kwa nyuma. Chai ipo. Tatizo kitoweo."

Bi Havijawa akaelewa kabla hajaambiwa. "Wifi, kuku ni mmoja."

"Nikimkata mimi, anatoa vipande kumi na viwili."

"Kuku huyu ndiyo dawa ya kaka yako!"

"Mchinje," alisema Kibwana kutoka kibarazani. Walikuwa hawajui kwamba anasikia. "Watu wanatoka huko kwao kuja kunipa fedha ya kula, halafu niwape chai kavu? Aibu itaniua kabla ya kifua. Mchinje, mke wangu. Fungu likija utanunua hata watano."

Jumanne alfajiri Bi Havijawa alimkamata kuku mwenyewe, kwa kuwa kuku yule alikuwa hamkimbii yeye.

*

Bwana Lukindo, Mhakiki Mwandamizi wa Umaskini, alikuwa amesomea umaskini miaka minne ng'ambo, katika mji wa baridi ambako aliuona kwenye picha. Alishuka garini amevaa suti, akamwacha dereva alale, akaingia nyumba ya kwanza.

Alipokewa kwa viti sita. Akakalia chenye mikono. Kingine akakiwekea mkoba, kingine kofia, kingine mwavuli, na viwili vilivyobaki akaviangalia akaviandika. Akaletewa muhogo na mchuzi, na ndani ya mchuzi paja la kuku. Alipokuwa anaaga kwa mlango wa mbele, akina mama walikuwa wanakimbia nyuma ya nyumba, wamejitwika viti vichwani, sufuria limefungwa kwa kanga, Bi Rehani mbele akifoka kwa kunong'ona: "Angalieni sahani, nyie! Shikeni kama mayai!" Mhakiki alipoingia nyumba ya pili, akakuta viti sita. Akaletewa paja jingine. Ya tatu, viti sita na kidari.

Basi alikwenda hivyo kutwa nzima. Katika kila nyumba kiti chenye mikono kilimchoma pajani, mahali pale pale, na kila alipochomwa aliruka kidogo kisha akajifanya anarekebisha suruali. Hakushangaa hata mara moja. Alichoandika ni kwamba wakazi wa Pingamawe wana ladha moja katika samani, jambo linaloashiria mshikamano wa kiuchumi, na kwamba viti vyao vyote vinauma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Havijawa. Bi Rehani alikuwa amembakizia kaka yake heshima: firigisi.

"Hamjambo hapa?" aliuliza Bwana Lukindo, akikaa, akiruka, akirekebisha suruali.

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu," alisema Kibwana, kisha akageuka akakohoa kwenye shuka mpaka machozi yakamtoka.

"Afya?"

"Njema. Kifua tu, kidogo."

"Chakula?"

"Riziki ipo. Karibu, bwana, karibu firigisi, usiogope."

"Mna shida yoyote mngependa serikali iifahamu?" Alikuwa anatafuna.

Kibwana akatabasamu. "Shida? Mgeni umekuja, shida itoke wapi?"

Inabidi msomaji wa mbali aelezwe kidogo. Pingamawe, mgeni akiwa anakula hatupiwi matatizo. Anaachwa ale, anawe, ashukuru, aage. Halafu anasindikizwa. Na ni huko njiani, mwenyeji akiwa bega kwa bega na mgeni, wote wanatazama mbele, ndiko maneno yenyewe yanakosemwa: nina deni, nina mgonjwa, sijui tutakula nini. Hakuna mtu mzima katika kitongoji kile asiyejua kwamba habari ya kweli iko kwenye kusindikizana.

Bi Havijawa akajifunga kanga vizuri, akatoka na mgeni. Alikuwa amepanga maneno yake tangu jana. "Bwana," alianza walipopita ua, "yule mume wangu..."

Lakini gari lilikuwa limesogea hadi mlangoni. Bwana Lukindo akapanda, akapandisha kioo, akampungia mkono kupitia kioo. Bi Havijawa akabaki amesindikiza vumbi.

*

Baada ya majuma matatu redio ilitangaza muujiza. Mheshimiwa Profesa Kilumanga mwenyewe alizungumza, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula.

"Ndugu wananchi! Wataalamu wetu wamebaini kwamba Pingamawe hakuna maskini hata mmoja! Kila nyumba ina viti sita. Kila nyumba inakula kuku siku ya kazi! Wakazi wameulizwa kama wana shida, wakajibu hawana. Ndugu zangu, hii maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba umaskini umesikia tu kwamba Fungu linakuja, ukakimbia wenyewe!"

Kwa vile Pingamawe ilikuwa imeondoka kwenye umaskini kabla ya kupewa chochote, fungu lake lilielekezwa mahali penye uhitaji, yaani kwenye sherehe ya kuipongeza. Siku ya Kuuaga Umaskini ingefanyika Pingamawe penyewe. Zikaagizwa fulana, mabango, na ngoma kutoka wilaya ya jirani.

Bi Havijawa alikwenda wilayani kwa miguu. Mhakiki alimpokea vizuri, akampa hata kiti, kiti kizuri cha kuzunguka.

"Bwana, kuku alikuwa mmoja," alisema Bi Havijawa.

"Mama, usijidharau. Nilikula kuku nyumba kumi na mbili."

"Ulikula kuku mmoja nyumba kumi na mbili. Ulimla yule yule. Alikuwa anakutangulia."

Bwana Lukindo akacheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mtoto. "Mama, mimi ni msomi. Nilikula mapaja mawili."

"Kuku ana mapaja mawili."

"Mabawa mawili."

"Anayo mawili."

"Shingo nilikula moja, firigisi moja..." Kitu kilionekana kutaka kupita usoni pake. Bi Havijawa akakisubiri, mikono kifuani. Lakini simu ililia, ilikuwa inahusu fulana, na alipomaliza kuongea uso wake ulikuwa umejifunga tena.

"Halafu hata kama alikuwa mmoja," alisema, "taarifa imeshasomwa na Waziri redioni. Waziri hawezi kuwa amekosea redioni. Unataka niiambie nchi nzima irudishe shangwe?"

"Nataka mume wangu ale. Vidonge vinamrudi."

"Mumeo niliongea naye mwenyewe, mama. Alisema hajambo."

Bi Havijawa akasimama. Njia nzima ya kurudi alikuwa anajibu, anajibu vizuri, maneno makali yenye mpangilio, lakini aliyekuwa akiyasikia ni yeye mwenyewe na mbigili za kando ya njia.

*

Kuhusu siku zilizofuata hakuna mengi. Muhogo uliisha. Majirani walileta walichokuwa nacho, uji mwepesi kwenye bakuli lililofunikwa, na hawakumwangalia Bi Havijawa usoni, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka kipande kilichopita nyumbani kwake. Kibwana alimeza vidonge asubuhi vikarudi. Akameza jioni vikarudi. Nesi Namkunda alikuja na kilo ya unga aliyoinunua kwa mshahara wake, akakaa kitandani akamshika mkono, akatoka nje akasimama muda mrefu akiutazama ukuta.

"Mke wangu," Kibwana alisema siku moja, sauti imebaki kidogo, "huyo kuku. Ulikuwa sahihi wewe."

"Usiongee habari za kuku."

"Kile kiti nacho. Ule waya ulitakiwa ukunjwe kwa ndani. Nilifanya haraka."

Alifariki Jumatano asubuhi. Redio ya jirani ilikuwa inapiga wimbo mpya wa Siku ya Kuuaga Umaskini, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuizima. Akazikwa Alhamisi. Viti sita vya chama vikaletwa nyumbani kwake, chupa ya chai ikaja, mikeka ikatandikwa, na matanga yakaanza.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya sherehe. Wizara iliandaa kila kitu: turubai la meza kuu, vipaza sauti, keki yenye umbo la jembe. Viti peke yake havikuletwa. Hakukuwa na haja ya kubeba viti kupeleka kitongoji chenye viti sita kila nyumba.

Kwa hiyo saa nne Bwana Lukindo akaingia msibani kwa haraka, amevaa fulana yenye maandishi "Kwaheri Umaskini", na nyuma yake vijana wanne wa hamasa.

"Poleni sana, mama. Poleni. Jamani, samahani, tunaomba viti. Mheshimiwa anakaribia."

Bi Havijawa alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa. Akainua macho. "Wewe uliandika kila nyumba ina viti vingapi?"

"Sita."

"Na nyumba ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Jumla?"

"Sabini na viwili," alisema Bwana Lukindo, ambaye hesabu alikuwa anaiweza.

"Basi hapa viko sita tu, na vimekaliwa na wafiwa. Kachukue vile sitini na sita."

Mtu mmoja akacheka puani, akajifunika mdomo kwa kuwa ni msibani. Bi Rehani, juu ya kiti chenye mikono, alijikita zaidi. "Nenda, baba. Utavikuta. Ulivihesabu mwenyewe."

Bwana Lukindo akaenda. Akaingia nyumba ya kwanza, akakuta kinu na mkeka. Ya pili, dumu la maji na mkeka. Ya tatu, mlango tu. Vijana wa hamasa walirudi wamebeba vigoda viwili na ndoo iliyogeuzwa. Yeye alirudi msibani amelowa jasho, maneno ya fulana yamegandamana na mwili, akajitupa kwenye kiti kilichokuwa wazi, kwa maana Bi Rehani alikuwa ameinuka kuchochea moto.

Kikamchoma pajani, pale pale.

Bwana Lukindo akaruka. Akageuka. Akakitazama kiti. Akainama, akaugusa waya kwa kidole. Kisha akavitazama vile vingine vitano, kimoja kimoja, halafu chupa yenye maua, halafu kitambaa cha "Karibu Mgeni", na midomo yake ikaanza kutikisika kama mtu anayejumlisha vipande: paja, paja, bawa, bawa.

"Ndicho chenyewe," alisema Bi Havijawa.

Wakati huo Mheshimiwa Waziri alikuwa amefika, akasimama chini ya turubai kwenye meza kuu isiyo na viti, akaona kwa mbali watu waliokaa. Msaidizi akamnong'oneza kwamba kiongozi akionekana msibani hupendeza kwenye televisheni. Akaja na wapiga picha. Wazee wawili wakainuka kwa mazoea tu, na mmoja wao akamwonyesha kiti cha mkubwa.

Bwana Lukindo alikuwa na dakika ya kusema. Angesema, "Mheshimiwa, hicho kina waya." Lakini angeulizwa amejuaje, na jibu lingekuwa refu. Akafunga mdomo. Mheshimiwa Profesa Kilumanga akashusha heshima yake yote kwa mpigo mmoja.

Sauti iliyomtoka haikuwa ya kiserikali. Lakini kamera zilikuwa zimewashwa, na yeye alikuwa mzoefu, kwa hiyo aliigeuza kilio hapo hapo. Akatoa kitambaa, akajifuta macho, akasema kwamba taifa limeumia. Marehemu, alisema, tusimlilie sana, maana ni miongoni mwa wananchi wachache wa Shibeni waliofariki wakiwa wameshatoka kwenye umaskini. Ni deni gani kubwa kuliko hilo ambalo serikali inaweza kumlipa mtu? Kisha, kwa ajili ya picha, akamwinamia mjane.

"Mama yangu. Hali yako?"

Watu wote wa Pingamawe walijua jibu. Walikuwa wakilitoa tangu wakiwa watoto, wakiwa na homa, wakiwa na njaa, wakiwa wametoka kuzika. Midomo ya bibi mmoja pembeni ilianza kulitamka kwa niaba yake.

"Mbaya," alisema Bi Havijawa.

Mpiga picha akashusha kamera.

"Hali yangu mbaya. Mume wangu amekufa kwa njaa, dawa ikiwa mkononi. Kuku wake alikuwa mmoja, mkamla. Muulize huyu, leo amejua."

Waziri akamgeukia Bwana Lukindo, tabasamu likiwa bado mahali pake. "Anasema nini?"

Bwana Lukindo akamtazama Bi Havijawa. Akakitazama kiti.

"Anasema anashukuru, Mheshimiwa."

Basi wakakaa. Mgeni mkubwa yupo, wasaidizi wapo, na harufu ya wali wa rambirambi inatoka jikoni. Waziri akatazama upande wa jikoni mara moja, mara ya pili. Wanawake wakamtazama Bi Havijawa wapate ishara. Bi Havijawa akavuta kanga mbele zaidi, akabaki kwenye mkeka wake. Hakuinuka kuleta maji. Hakuinuka kuleta sahani. Na Mheshimiwa alipochoka kusubiri akaaga, hakuinuka mtu yeyote kumsindikiza. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari lake, akishikilia suruali kwa nyuma.

*

Taarifa ya Wizara ilitoka mwezi uliofuata, na ndiyo iliyomaliza habari ya Fungu la Kila Mtu katika Shibeni nzima. Ilisema kwamba, kama wabunge walivyohofia, fedha zinazotolewa bila masharti huharibu tabia za watu. Mfano ni Pingamawe, ambako wakazi hawajapewa hata senti moja na tayari wamekuwa wachoyo, wenye kiburi, wasiojua kupokea wageni. Taarifa iliongeza kwamba viti sitini na sita vya kitongoji hicho vimefichwa na wenyewe kwa nia ya kuhujumu takwimu, na uchunguzi unaendelea. Aliyeiandika alipandishwa cheo. Tangu hapo, viongozi wanaokwenda upande ule hubeba viti vyao.

Lakini kabla ya taarifa hiyo, jioni matanga yalipovunjwa, Bi Rehani alikuwa anahesabu sahani na kupanga viti avirudishe nyumbani kwake. Alipofika kwenye kile chenye mikono akakipindua, akachukua koleo kutoka kwenye sanduku la vifaa vya marehemu.

"Wifi, subiri niukunje huu waya. Utakuja kuchoma watu."

Bi Havijawa akanyoosha mkono, akalichukua lile koleo, akalirudisha sandukuni taratibu, mahali pake, kati ya bisibisi na kopo la mafuta ya mnyororo.

"Uache hivyo hivyo," alisema.